Kiganja Mbele ya Pua

Mwoka mikate alifumbua macho akakuta kiganja cha mama mkwe wake mbele ya pua yake, kimetulia tuli, kama cha mtu anayepima joto la maji kabla ya kumwogesha mtoto. Wakatazamana. Mwanamume alikuwa na fulana ya ndani tu, unga bado umemganda nyusini, maana alitoka kazini asubuhi akajitupa kitandani bila kunawa sawasawa. Naye mama mkwe, mwanamke aliyezoea kumkabidhi mkwewe hata kikombe cha chai kwa mikono miwili, alikuwa amesimama kwenye chumba cha kulala cha watu.

"Shikamoo, Mama," mkwe akasema, kwa kuwa hakuna kingine kilichomjia.

"Marahaba, baba. Ulikuwa umelala."

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa nimelala."

"Basi lala."

Akatoka, akaurudishia mlango polepole. Mtu mwingine angetamani ardhi ipasuke immeze. Yeye alirudi sebuleni, akaketi, akaokota shati la juu kwenye rundo, akatunga uzi. Karakana moja ya sare za shule ilimletea mashati apachike vifungo, na vifungo havikumtaka mtu awe na furaha. Aibu aliijua ilipo, kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili. Lakini haikuja kumwona. Siku hizi hakuna kilichokuja kumwona. Juzi tu sindano ilimwingia kidoleni asijue, mpaka alipoona doa jekundu kwenye kola nyeupe. Alilisugua kwa maji baridi na kipande cha sabuni, likatoka, akashika kifungo kilichofuata.

Alikuwa hivyo tangu mumewe afariki. Kifo chenyewe hakikuwa na kelele. Mzee alikula chakula cha mchana, akakisifia, akaketi kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, kichwa kikainama pembeni. Mkewe alipoona amepitiwa na usingizi alipunguza sauti ya redio, akatoka nje kuwanyamazisha watoto wa jirani waliokuwa wakipiga mpira ukutani, akarudi na shuka akamfunika magoti. Kisha akaketi mkabala naye, akamenya viazi taratibu ili kisu kisigonge bakuli. Jua liliingia likawakuta wote wawili. Alikumbuka vizuri alichokiwaza: siku njema namna hii mtu haipati kila mara. Alipomletea chai ndipo alipomgusa mkono. Daktari alisema mzee alikuwa amekwisha kukata roho muda mrefu, pengine hata kabla ya shuka. Kwa hiyo ule mchana mtulivu kuliko yote aliyopata kuishi, alikuwa ameupitisha na maiti.

Hakulia. Msibani watu walimsifu kwa ustahimilivu, naye akawaacha wasifu. Kilichobaki na uhai ni mkono. Mkono wake wa kulia haukuvumilia tena kumwona mtu amelala. Uliinuka wenyewe, ukaenda kutafuta pumzi.

Binti yake, karani wa posta, alikuja kumchukua ili asikae peke yake, na pia kwa sababu likizo ya uzazi ilikuwa inaisha na mtoto alihitaji mtu wa kumlea. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye mashavu yaliyotuna hata baba yake akambandika jina la Hamira. Hapo ndipo mkono ulipopata kazi. Hamira akisinzia tu, kiganja kiko puani. Pumzi ya mtoto mchanga ni kitu chepesi. Kiganja kisipoipata, bibi humgusa kifua. Kifua kikionekana kizito, humfinya kisigino kidogo. Hapo Hamira huangua kilio cha kuezua paa, na bibi huketi chini akishusha pumzi. Kilio hicho ndicho kilikuwa dawa yake. Mtu anayelia hajafa.

Jioni ya siku ile ya kiganja na mkwe, karani alirudi kazini, akavua viatu mlangoni, akaukunja mkono wa blauzi.

"Mama, tazama." Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na duara la wino wa zambarau. "Leo nimegonga barua, nimegonga bahasha, nimejigonga na mwenyewe. Nilikuwa nasinzia nimesimama. Mteja ananiuliza, dada, na wewe unatumwa wapi?"

Mwoka mikate, aliyekuwa akifunga kamba za viatu ajiandae kwenda kazini, aliangua kicheko. Mkewe hakucheka.

"Mtoto halali, Mama. Mimi silali. Sasa hata huyu unamwamsha mchana."

"Alikuwa kimya mno."

"Watu wakilala huwa kimya!" Kisha sauti yake ikashuka, na ilipokuwa chini ilikuwa mbaya zaidi. "Nimeongea na shangazi. Binti yake anaweza kuja kukaa na mtoto. Mwisho wa mwezi nitakurudisha nyumbani upumzike."

Bibi alikiona akilini kiti cha mikono kule nyumbani kwake, karibu na dirisha. Hakuna aliyekitoa pale. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Sawa, mwanangu," kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha.

Mkwe ndiye aliyekosa raha. Alifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena. "Mama, usinielewe vibaya. Kwetu kule kazini, donge la unga ukilifunuafunua kulichungulia, linanywea. Huyu Hamira naye..."

"Mtoto si donge, baba."

"Kweli, Mama. Nimekosea." Akajikuna shingo. "Ila kuna Sista mmoja mzee huja alfajiri kuchukua mikate iliyolala. Anasema Alhamisi wana sala pale chumba cha pembeni ya kanisa. Hawaimbi, hawahubiri, wanakaa kimya saa nzima na Mungu. Nikamwambia, Sista, hiyo mbona ndiyo kazi yangu ya mchana."

"Kimya?" bibi akauliza.

"Kimya kabisa."

"Mimi kimya sikitaki."

Lakini Alhamisi alikwenda. Hakwenda kwa imani; alikwenda kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Chumba kilikuwa na viti visivyofanana, mshumaa kwenye kisahani cha bati, na ndoo iliyowekwa kukinga mahali dari ilipovuja. Waliokuwamo ni wachache: dereva mstaafu mwenye kikohozi, dada wawili mapacha waliozeeka pamoja, na Sista mwenyewe, mwembamba kama ufagio, amevaa soksi ndani ya kandambili.

"Hapa hatufanyi kitu," Sista alimwambia. "Ndiyo maana ni kazi ngumu. Tafuta jina moja la Bwana, uliite moyoni polepole. Mawazo yakija usiyafukuze kwa fimbo. Ukigundua umekwenda nayo, wewe rudi tu kwenye jina."

Bibi alichagua jina la Yesu, kwa kuwa lilikuwa karibu. Kusali alikujua tangu utoto, lakini kusali kwake kulikuwa kuhesabu watu: mlinde huyu, mwangalie yule, wa safarini, wa hospitalini, asimwache hata mmoja, maana atakayemwacha ndiye atakayepatwa. Sasa aliambiwa aache kuhesabu. Akalishika lile jina kama mtu anayeshika kitasa cha nyumba asiyoijua. Kimya kikaingia, kikakaa. Kilikuwa kilekile. Kilikuwa na jua lilelile la dirishani.

Akafumbua macho. Kidevu cha Sista kilikuwa kimelala kifuani, mikono imefunguka mapajani, vidole havishiki kitu. Chini ya joho la kijivu kifua hakikupanda wala kushuka. Bibi alisubiri. Aliita jina. Mkono haukujua majina. Kiti kikakwaruza sakafu, na kabla hajajizuia alikwisha kusimama mbele ya yule mzee, kiganja puani.

"Bado nipo," Sista akasema bila kufumbua macho.

Dereva mstaafu akakohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Pacha mmoja akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Na hawa umewakagua?" Sista akauliza.

"Bado, Sista."

"Huyo wa pembeni mwangalie vizuri, ana mashaka."

Kicheko kilikizunguka kile chumba kama kuku aliyeponyoka. Kilipotulia, Sista aliushika mkono wa bibi pale ulipokuwa, akaugeuza taratibu, akaupeleka mbele ya pua ya bibi mwenyewe.

"Na huyu?"

Bibi akasimama vile, kiganja mbele ya uso wake. Kitu cha uvuguvugu kikampitia vidoleni, kikarudi, kikapita tena. Alikishangaa. Kilikuwa kama pumzi ya mtu mwingine.

Baadaye, wakiwa wanasuuza vikombe nje kwenye bomba, alimsimulia Sista habari za mchana ule, redio, viazi na shuka, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya kwenda sokoni. Mwishoni akasema, "Nilikuwa na amani siku ile, Sista. Nilikaa na amani na yeye amekwisha kufa. Ndiyo maana siiamini."

Sista alipangusa kikombe, akakipangusa tena ingawa kilikuwa kikavu. "Hata mimi nisingeiamini," akasema. Akakiweka kikombe chini. "Basi usiiamini. Njoo ukae na Bwana hivyohivyo, bila kuiamini. Hatakuchukia. Wale wenzake walimwamsha alipolala katikati ya tufani, wakamfokea kwamba hajali. Hakuwashusha mashuani."

Bibi aliendelea kwenda. Ningependa kusema alipata kitu, lakini hakupata. Alhamisi hizo zilikuwa kama kumsubiri mgeni ambaye hujui sura yake wala basi lake. Miguu ilikufa ganzi, na moyo nao ulikuwa na ganzi, kwa hiyo angalau vilipatana. Aliwaza vifungo, akarudi kwenye jina. Aliwaza sabuni, akarudi. Mara nyingine aligundua amemaliza muda wote akisikiliza kikohozi cha dereva ili ajue bado yupo, akarudi. Sista hakumuuliza amefika wapi. Alimwuliza tu kama atakuja tena.

Nyumbani alijaribu kuketi kando ya kitanda cha mtoto vilevile. Kuna siku jina lilishinda, kuna siku mkono ulishinda na Hamira akaezua paa. Asubuhi moja begi la bibi lilionekana limeteremshwa kutoka juu ya kabati, limefutwa vumbi, limeegemezwa ukutani, na wote wakawa wanalizunguka wakipita bila kulitazama.

Mchana wa siku hiyo karani alikuwa posta na mwoka mikate amelala chumbani. Hamira alinyonya chupa yake, akacheua, akasinzia. Bibi akamlaza, akavuta kigoda, akaketi. Mtaani hapakuwa na gari wala mtoto wala redio. Kimya kilikuja na kiatu chake kilekile, akakijua hatua zake kabla hakijafika. Jua likapanda kwenye neti ya kitanda. Kifua cha Hamira hakikuonekana.

Mkono ukainuka.

Aliuona ukienda, ukasimama juu ya neti. Hofu ilikuwa nzima kabisa, haikupungua hata chembe. Hakuifukuza kwa fimbo. Aliita jina. Hakuomba mtoto apumue. Hakuomba kitu. Aliliita tu, likatoka pamoja na pumzi yake, na pumzi iliporudi akaliita tena. Mkono ukachoka kukaa hewani, kama mkono wowote unavyochoka, ukashuka, ukalala pajani, vidole vimefunguka.

Hakujua muda gani ulipita. Alijua kwamba hajui kama mtoto yu hai, na kwamba ameketi. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na palikuwa na Mtu mwingine chumbani ambaye naye ameketi.

Ndipo kidole gumba cha mguu wa Hamira kikacheza. Kikacheza, kikatulia. Kisha midomo ikajikusanya, ikanyonya hewa, ikaachia. Ngumi moja ikapanda polepole mpaka sikioni, ikajisugua, ikasahau ilichokuwa ikifanya. Nyusi zikakunjamana kama za mzee anayesoma maandishi madogo. Kope la jicho la kushoto likafunguka kwanza, la kulia likabaki limelala, mpaka nalo likaona lisiachwe nyuma. Bibi alikuwa akitazama huku mdomo umeachama. Tangu mtoto huyu azaliwe, alikuwa hajawahi kumwona akiamka mwenyewe.

Hamira hakulia. Aligeuza kichwa, akamwona mtu aliyeketi, akamtazama kwa muda mrefu na bila haraka, kama anayetaka kukumbuka walikutana wapi.

"Nipo," bibi akamwambia.