Pudre ya Tina

Kila siku ya Mungu, kisha misa ya pili, sisi wazazi wenye watoto ku masomo ya sinema kule Kinshasa tunakutana katika lupango, kiwanja cha nyumba ya Papa Gaspard, hapa Kalemie, karibu na gare ya treni. Hatuko wengi. Kuko Papa Gaspard mwenyewe, aliyetumika ku reli mpaka akapewa pansio. Mutoto wake Landry yuko mwaka wa tatu. Kuko Mama Pétronille, muntu wa upande wa Fizi, anayeuza ndagala, samaki wale wadogo, kando ya porti. Wake ni Serge, mwaka wa kwanza. Na kuko mimi, Godelieve. Wangu ni mujukuu, Tina, anayesoma darasa moja na Serge. Mama yake aliolewa mara ya pili kule Kirungu, na mutoto akakulia kwangu.

Tunakaa, Mama Arlette, muke wa Papa Gaspard, anatuletea chai, na kila mumoja anatoa habari za wake.

"Serge yangu," Mama Pétronille alisema siku moja, "mwalimu alimwambia apige picha ya kiti. Kiti tu. Juma nzima."

"Kiti kinafanya nini?" Mama Arlette akauliza.

"Hakifanye kitu. Njo kiti."

"Basi hata mimi ningesoma ile masomo!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Papa Gaspard yeye hakucheka, maana mutoto wake ni mukubwa, na yeye anajiona kama amesoma naye. Akatueleza kwamba hakuna kazi ngumu kupita kupiga picha ya kitu kisichosogea. Landry alimwambia.

Zamu yangu ikifika, nilikuwa ninapata shida. Kila nikimupigia Tina simu, "Leo mulifanya nini?" jibu ni moja: "Nilishika taa, Nkambo." Nkambo njo namna mujukuu anaita hapa kwetu. Wengine wanashika kamera, wengine wanaambia watu simama hapa, kaa pale. Wangu anashika taa. Muntu avuke inchi nzima kwenda kushika taa? Niliona haya kusema vile mbele ya wenzangu, basi nilikuwa ninaongeza chumvi. Nilisema mwalimu anamutumainia sana, bila yeye hawaanze.

Mwezi ule wote tulikuwa tunangojea palmarès, yaani majina ya wale waliopita mwaka. Hapa kwetu muntu akipita masomo, watu wanamumwagia pudre nyeupe, ile ya kupaka watoto, ku kichwa na wanamuzungusha mitaani kwa nyimbo. Kama mwenyewe yuko mbali, anamwagiwa yule aliyemulea. Mimi pudre yangu nilikuwa nimeisha kuinunua. Siku ile ya Mungu niliitia ndani ya sakoshi na kuenda nayo misa.

Tulipofika kwa Papa Gaspard, telefone yake ikalia. Ni Landry, ametuma filme, na maneno chini yake: Papa, iko filme ya watoto wa mwaka wa kwanza, muangalie yote, majina yao iko ku mwisho.

"Majina!" Papa Gaspard akasimama. "Yametoka!"

Hakukuwa umeme, na batri yake ilikuwa karibu kuzimika. Akaisukuma ile filme kwa kidole, mbio mbio, mpaka ku mwisho. Na kweli, maandishi meupe yakaanza kupanda juu ya weusi, jina chini ya jina, sawasawa na palmarès inavyobandikwa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya prefe, mukubwa wa masomo. Sisi tukasogea karibu.

"Tina Kyungu!"

Nilipiga vigelegele mpaka kuku za Mama Arlette zikatawanyika.

"Endelea," Mama Pétronille akasema. "Angalia Serge."

Papa Gaspard akaangalia. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. "Mama Serge, hayuko."

"Umeruka."

"Mama, sikuruka. Hayuko."

Mama Pétronille akaweka mikono juu ya magoti. Mimi nilimuhurumia. Nilisogeza kiti changu karibu naye, nikamushika bega, nikamwambia mbele ya wote: "Mama Serge, usiumie. Si kila mutoto anazaliwa na kichwa cha masomo haya. Umurudishe hapa, akusaidie ku ndagala, iko kazi nzuri vilevile."

Nilisema kwa roho nzuri, na njo kinachoniuma zaidi. Kama ningesema kwa ubaya, ningejua pa kuanzia kuomba musamaha.

Aliniangalia kidogo, akafunga kitambaa chake vizuri ku kichwa, akaondoka bila kumaliza chai.

Mama Arlette akanifungulia pudre, akanimwagia yote. Ilishuka ku mabega, ikaingia masikioni. Tukatoka barabarani. Wamama wa korali waliokuwa wanarudi kwao wakajiunga, mumoja anagonga kifuniko cha sufuria, mwingine anacheza kinyumenyume mbele yangu. Watu wanauliza, "Nani amepita?" na mimi ninajibu, "Tina! Tina wangu!" Kazi ya kutembea niliiacha kwa miguu peke yake.

Karibu na nyumba yangu simu ikalia, na alikuwa Tina. Nikaweka parleur ili wote wamusikie.

"Nkambo, iko makelele gani kule?"

"Makelele yako! Umepita, mama! Tunakuimbia!"

Nilizania mawasiliano yamekatika. "Allô?"

"Nani aliwaambia nimepita?"

"Tumesoma jina lako! Mu filme, ku mwisho, Papa Landry alisoma yote!"

"Nkambo, toa parleur."

Nilitafuta pa kubonyeza. Mikono ilikuwa na pudre, kioo hakikusikia kidole.

"Toa parleur, Nkambo."

"Ninatoa, inakataa. Sema tu, hapa ni watu wetu."

Na mutoto akasema, kwa sauti ndogo, lakini telefone ile inapiga kelele kama redio: "Ile majina ni ya wale tuliofanya kazi ku ile filme. Si palmarès. Palmarès ilitoka jana magaribi. Mimi nimekosa. Nitarudilia mwaka."

Nyimbo hazikukatika pamoja. Wale wa karibu walinyamaza kwanza, wale wa nyuma waliendelea, na yule wa kifuniko cha sufuria aligonga peke yake mpaka muntu akamushika mukono.

Nikauliza, na hata leo sijui kwa nini niliuliza mbele yao: "Na Serge?"

"Serge amepita. Yeye alikuwa mu kikundi kingine, filme yao bado."

Wamama waliniaga kwa heshima, mumoja mumoja. Heshima ile ilikuwa nzito kuliko kama wangecheka. Jasho lilichanganyika na pudre likaniingia machoni, na watu wakazania ninalia. Nilikuwa bado sijaanza.

Niliosha kichwa tena na tena. Pudre ilibaki katikati ya misuko, nikafunga kitambaa. Magaribi Tina akapiga tena, na safari hii hakukuwa muntu mwingine.

"Nkambo, ninarudi Kalemie."

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Mwaka ujao nitakaa darasa moja na wadogo, na wenzangu watapita kando yangu. Na hapo kwetu kila muntu amesikia. Ningekosa kimya kimya ningeweza kuvumilia. Sasa nitavumilia namna gani?"

Lile "sasa" lilikuwa langu. Hakulisema hivyo, mutoto ana adabu, lakini ni mimi niliyefanya kukosa kwake kuwe habari ya muji muzima.

"Filme muliipenda?" akauliza.

"Sana."

"Ulipenda wapi?"

"Pote."

"Nkambo."

"Hatukuiangalia," nikasema. "Batri ilikuwa inakwisha. Tuliangalia majina."

Kisha akaniaga usiku mwema, na mimi nikabaki na simu ku sikio kama bado anasema.

Asubuhi nilishuka porti. Mama Pétronille alikuwa anapepeta ndagala. Wanunuzi walikuwa wanasimama pale, akanipigia kelele kutoka mbali:

"Eh, Mama Godelieve! Umekuja kunipa pole tena?"

Wamama wenzake wakacheka. Habari ilikuwa imeshuka mbele yangu. Nikasimama mbele ya meza yake. "Nimekuja kuomba musamaha."

"Musamaha wa nini? Ulisema iko kazi nzuri. Si unaiona? Shika ungo, usaidie."

Nikashika. Nilipepeta pamoja naye mpaka jua likapanda, wenzake wakinitupia maneno, na yeye hakuwakataza. Watu walipopungua, akasema bila kuniangalia: "Serge aliponipigia jana magaribi kuniambia amepita, sikupiga kelele. Nililia kwanza juu ya yale maneno yako. Nilipomaliza kulia, furaha ilikuwa imepoa. Ile njo uliyonitwalia."

Nikaendelea kupepeta.

"Tina anasema nini?"

"Anataka kurudi. Anaogopa kuonekana."

"Na wewe, siku ya Mungu utakuja kwa Papa Gaspard?"

"Sitaweza."

"Basi wote wawili muko sawa," akasema, akamugeukia mununuzi.

Maneno yale yalinifuata juma nzima. Siku ya Mungu, nikitoka misa, miguu ilitaka njia ya nyumbani. Nikampigia Tina nikiwa nimesimama barabarani. "Ninaingia kwa Papa Gaspard," nikamwambia. "Ungojee. Nikitoka nitakuambia kuonekana kunafanyika namna gani."

Niliingia. Papa Gaspard akaanza kufuta miwani yake, maana yeye naye alisoma yale majina na hakuna aliyemuuliza kitu. Zamu yangu ilipofika nilisimama, kitu ambacho hatufanye kamwe.

"Habari za wangu," nikasema. "Tina amekosa. Atarudilia mwaka. Kazi yake pale ni kushika taa. Yale mengine ya kwamba mwalimu hawezi bila yeye, niliyatunga mimi."

Mama Arlette alicheka, akaziba mudomo. Mama Pétronille hakucheka wala hakuniokoa. Alisogeza kikombe chake ili nipate pa kuweka changu.

Nikaomba Papa Gaspard atuonyeshe filme tangu mwanzo. Ilikuwa habari ya mama mumoja anayepika mikate kwa mukaa, anangojea muntu ambaye hafike. Maneno ni machache, na sehemu nyingi sikuzielewa. Tina haonekane hata mara moja. Lakini mama yule alipoinama, mwanga ulimushika hapa juu ya mudomo, penye jasho, na nikaona kwamba amechoka kabla hajasema. Nikajua kuko muntu pembeni, mikono juu, amekaza misuli, asitetemeke. Muntu huyo nilimutungia uongo juu ya kazi yake, mwaka muzima, wala sikumuuliza hata mara moja taa inashikwa namna gani.

Nilipotoka nikampigia.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Walisema nini?"

"Mama Arlette alicheka. Papa Landry alifuta miwani. Mama Serge alinipa pa kuweka kikombe."

"Ilikuuma?"

"Bado inauma. Ninatembea nayo hivi ninavyosema na wewe."

Nilipita kando ya gare.

"Taa ile," nikauliza, "ni nzito?"

"Si nzito sana. Uzito unakuja kisha."

"Masomo yanaanza lini?"

Nikafika ku lupango yangu na kufungua mulango kabla hajajibu.

"Mwezi wa kumi," akasema. "Nkambo, usimwambie muntu bado kwamba nitabaki."

"Simwambii muntu," nikasema.