Jumanne Mzee Sugden Alipokuwa Mbwa

Mwenye nyumba alikuwa amemwambia Rosalind hivi kuhusu mbwa wake Teasel: Mzee Sugden akisema mbwa ana adabu, abaki, akisema hana, mwisho wake hapa ni Jumamosi. Na pale kijijini Skelby, kwa mambo ya mbwa, neno la Mzee Sugden lilikuwa sawa na hukumu ya korti.

Ndiyo maana Jumanne ile Rosalind alisimama katika ukumbi wa kanisa, darasani kwa Mzee Sugden, kamba mkononi, wima kana kwamba mtahiniwa ni yeye.

"Kaa!" Mzee Sugden alinguruma, akauvuta mnyororo wa shingoni.

Teasel hakukaa. Alijibwaga sakafuni kama zulia lililolowa, akaukodolea macho ukuta.

"Umeona, binti? Kaidi huyu! Kichwa jiwe!"

"Si kaidi," Rosalind alijibu, lakini kwa sauti ndogo hata aliyesikia ni Teasel peke yake.

Mzee Sugden hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa hivyo na mtu aliyefundisha mbwa wa vita, naye huyo alifundishwa na askari aliyeamini kwamba mbwa na kuruta ni kitu kimoja: umvunje kwanza, umjenge baadaye. Picha ya askari huyo, mabuti yakimeremeta, ilining'inia juu ya piano. Mbwa wengi walikuwa wamekaa chini ya picha ile. Waliokataa kukaa, hakuna aliyewaulizia tena.

Lakini wiki hiyo Edna na Winnie, akina mama waliohudumia chai pale ukumbini, walikuwa wamealika mgeni. Bi Pargeter alikuwa ametoka Amerika, kwa watu wanaofundisha pomboo, na mkononi alishika kibati kidogo: ukikibonyeza kinalia tik.

"Pomboo humfungi mnyororo," alisema. "Ukimuudhi, anaogelea zake. Ikabidi watu watafute njia nyingine: akipatia, unampigia tik, kisha unampa samaki."

"Skelby hatuna pomboo," Mzee Sugden alisema.

"Tuna wewe," Winnie alidakia. "Utatosha."

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mmoja anatoka nje, wengine wanapatana afanye jambo gani, kisha anaitwa bila kuambiwa kitu, abahatishe mwenyewe.

"Uzee wote huu, leo nimekuwa mbwa!" Mzee Sugden alinung'unika akielekea mlangoni.

"Mbwa gani mwenye maneno mengi hivyo? Toka!" alisema Edna.

Wakapatana aketi kwenye kiti cha piano.

"Kwanza tumfundishe kwa njia yake mwenyewe," Bi Pargeter alinong'ona. "Akikosea, mwambieni hapana. Basi, hakuna zaidi."

Mzee Sugden akaingia kwa madaha, akaenda dirishani.

"Hapana!"

Akachukua kikombe.

"Hapana!"

Akavua kofia. "Hapana!" ukumbi mzima ukapaza sauti, watu wanacheka, mbwa wanabweka. Mwanzoni alicheka nao. Kisha akaacha. Akafungua kinywa aulize, wakamkatiza: "Hapana!" Mwishowe alisimama katikati ya ukumbi, mikono imelegea, masikio yameiva mekundu, akaukodolea macho ukuta.

Rosalind alimtazama, akamtazama na Teasel. Kurwa na doto. Huruma ikaipiku aibu, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amekinyakua kile kibati mkononi mwa mgeni.

Mzee Sugden akayumba kidogo upande wa piano. Tik!

Akageuza kichwa. Akapiga hatua. Tik! Akaelekea kwenye chai, kibati kimya. Akarudi kwa piano. Tik! Macho yakaanza kumng'aa. Akagusa piano, kimya; akagusa kiti, tik! Akaketi kwa kishindo, tik! Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

"Biskuti yangu iko wapi?" alifoka, akiwa anacheka mpaka machozi. Winnie akamtilia mbili mdomoni.

Alipomaliza kutafuna, alimwendea Teasel, akapiga magoti taratibu, akamvua mnyororo.

"Wakati ule, binti," aliuliza chini kwa chini, "alikuwa ananikaidi?"

"Hapana, Mzee." Safari hii sauti ya Rosalind ilisikika. "Alikuwa hajui unataka nini."

Walimaliza kipande kizima cha jibini la Edna wakimtuza Teasel kwa kila tik. Teasel alikaa, akainuka, akakaa vibaya, akaiba sandwichi, akakaa tena.

Jumamosi Mzee Sugden alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, Bi Ogden, Rosalind na Teasel wakimfuata nyuma.

"Haya, ana adabu au hana?" Bi Ogden aliuliza, mlango ameufungua nusu.

"Bado. Lakini atakuwa nayo. Nami najifunza pamoja naye. Nakupa neno langu."

Bi Ogden akamtazama mbwa. Teasel, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akakaa. Ukingo wa mdomo wa Bi Ogden ukainuka kidogo.

Tik! kikalia kibati mfukoni mwa Mzee Sugden.

"Nini hicho?"

"Si kitu, mama. Endelea tu."

Naye Bi Ogden, bila kujua kwa nini, akaufungua mlango wote.