Kivuli cha Madame Émerance

Kila asubuhi, katika ofisi ya elimu iliyowauliza walimu maoni kuhusu tovuti mpya ya orodha ya shule, Abigaëlle alipangusa vioo vya tableti, akazipanga mezani, akafungua pakiti ya biskuti za walimu. Madame Émerance alipoingia asubuhi hiyo, Abigaëlle alikuwa bado anapangusa. Mgeni huyu alikuwa mwalimu aliyekimbia vita Kivu ya Kaskazini, na sasa alikaa kwa mdogo wake, mtaa wa Hewa Bora.

"Njo hapa banauliza balimu juu ya site mpya?" aliuliza, kuhakikisha kama ndipo.

"Njo hapa, mama. Karibu."

Kivuli cha mwalimu kilimfuata, kikajaza ukuta mzima. Kilikuwa darasa: madawati, vichwa, msichana mwenye nywele zilizofungwa mafungu mawili. Abigaëlle alisogeza kabati ili dawati la nyuma lipate nafasi.

"Balikuwa bengi," alisema Madame Émerance, akiwaangalia wanafunzi wake ukutani. "Site ya zamani ilifuta jina ya école yetu, juu ya vita. Tangu pale banaanza kupotea. Bila jina ya école siwezi kubaandikisha ku examen. Nataka jina irudi, basi."

Abigaëlle aliangalia maswali aliyopewa ya kuwauliza walimu. Rangi ya buluu au ya kijani? Msichana ukutani aliinua mkono. Herufi kubwa au ndogo? Hakukuwa na swali juu ya shule. Tovuti mpya ilikuwa imekamilika tayari, na bango la uzinduzi lilining'inia nje. Abigaëlle alimsogezea mwalimu biskuti.

Mkubwa wake, Chef Godefroid, aliingia na mpiga picha. Makombo yalikuwa yamenasa kwenye masharubu yake. Vivuli vyote vikasimama, kama darasa lolote mkubwa anapoingia.

"Asseyez-vous," alisema bila kugeuka. Vikakaa.

"Mama, darasa yako iko na discipline! Na hii biskuti, banakulaka?" Akacheka, akatia mbili kinywani. Kisha akalamba kidole na kukipitisha juu ya tableti. Ute ukabaki kwenye kioo.

"Chef, nauliza juu ya école yetu."

"Sisi tunasikilizaka balimu, mama. Njo kazi yetu. Angalia kule, ku photo."

Taa ya kamera ikamulika. Ilipozimika, mahali pa dawati la nyuma palikuwa ukuta mtupu. Mpiga picha alisema picha haikutoka vizuri, nyuma kuna watu walitikisika.

"Ingine," alisema Godefroid. "Mama, cheka kidogo."

Madame Émerance alitazama pale palipokuwa na dawati. Kisha akamgeukia Abigaëlle. "Mutoto yangu, ile nilisema, utaiandika?"

"Nitaandika, mama," alijibu Abigaëlle polepole, kama alivyowajibu wote waliomtangulia.

Kamera ikainuliwa tena. Msichana wa ukutani alinyoosha mgongo.

"Hapana, mama," alisema Abigaëlle, na safari hii kila mtu chumbani alimsikia. "Nakudanganya. Site ilishaisha mbele ya kukuuliza. École yenu haiko ndani. Tulikuita juu ya photo tu."