Majibu ya Pambizoni

Saa mbili na robo asubuhi, Mkutubi Mkuu wa taasisi ya utafiti alitia alama ya vema mbele ya kituo cha ishirini na tisa kwenye orodha yake, akampigia simu mkuu wa kituo cha thelathini. Azimio la bodi lilikuwa fupi: kila makala ya mtafiti wa taasisi iwekwe wazi katika hifadhi ya mtandaoni, aisome atakaye bila malipo. Kazi ndefu ilikuwa kulitekeleza. Vituo vilikuwa thelathini na vinne, watafiti elfu moja na mia mbili, na karibu wote walikwisha kusalimisha haki za makala zao kwa majarida ya mbali bila kusoma walichokitia saini. Majarida yaliruhusu kitu kimoja tu kiwekwe wazi, nacho ni mswada wa mwisho wa mwandishi, kabla haujapangwa kurasa. Miswada hiyo watafiti walikuwa wameitupa kama makapi ya muwa.

"Bi Mkutubi, mswada huo nitautoa wapi? Kompyuta ile ilikufa zamani," mkuu wa kituo alisema.

"Tafuta katika barua pepe zako, Daktari. Humo hakizikwi kitu."

Makala za kwanza zilipowekwa wazi, zilijitokeza pia kwenye kuta za watu waliochunguzwa ndani yake. Utafiti wa usingizi wa walinzi ulionekana vibandani mwao. Ule wa wajawazito ulijiandika kwenye mapazia ya wodi, na wakunga wakausoma kati ya mtoto na mtoto. Kila ukuta uliandikwa kwa lugha aliyolelewa nayo mwenye nyumba, jambo ambalo majarida hayakuwahi kulifanya. Idara ya Habari iliongeza safu moja katika ripoti ya mwezi, ikaiita Kuta.

Siku ya Alhamisi shangazi yake Mkutubi alipiga simu. Alikuwa mshonaji na mjane, mkazi wa mtaa wa bondeni, chini ya kiwanda cha ngozi. Ndiye aliyemlea Mkutubi baada ya wazazi wake kutangulia mbele ya haki.

"We binti, ukutani kwangu kumejaa mambo yangu."

"Mambo gani, shangazi?"

"Damu yangu, nywele zangu, kucha zangu. Mimi ni namba arobaini na moja, mshonaji, miaka sitini na mitano. Hata uzito wameuanika! Kilo zangu zilimkosea nini huyo Profesa aliyetupima?"

Mkutubi alikwenda mchana ule ule. Makala ilianzia juu ya mlango ikateremka hadi kwenye cherehani. Ilieleza kuwa maji ya pampu ya mtaa yamebeba sumu itokayo kiwandani, na kwamba sumu hiyo huingia mifupani polepole. Watu arobaini na wanane walipimwa, miaka kumi na miwili iliyopita. Walioahidiwa majibu walikuwa hao hao arobaini na wanane. Majibu yalichapishwa katika jarida ambalo hata maktaba ya taasisi haikuwa na ruhusa ya kulifungua.

Profesa aliyeiandika alikuwa ameleta rasimu ya awali badala ya mswada wa mwisho. Pambizoni, kwa wino wa kijani, yalibaki maelezo yaliyopaswa kufutwa. Mwandishi mwenzake alikuwa ameuliza: *Wenyeji wameambiwa wasiyanywe?* Profesa alikuwa amejibu: *Tukitangaza sasa, jarida litasema si habari mpya. Hili laweza kusubiri.*

Shangazi aliweka kidole kwenye mstari wa namba arobaini na mbili. "Huyu ni mzee wangu," alisema. "Mwaka wa saba wa kusubiri ndio aliopumzika." Kisha akamwekea mgeni kiti.

Jumatatu Profesa, ambaye sasa alikuwa Naibu Mkurugenzi, alimwita Mkutubi ofisini na kumsogezea fomu ya kuondoa makala.

"Mama, tusaidiane. Jaza hapo kwenye sababu: kosa la kiufundi."

"Kosa lipi, Profesa? Maji hayana sumu?"

"Sumu ipo. Sikusema haipo."

"Watu hawakuwa arobaini na wanane?"

"Walikuwa. Ila jarida lina haki zake, Mama."

"Jarida lina haki ya mpangilio wa kurasa zake. Maneno ni yako, na damu ina wenyewe. Elimu ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe angali hai. Huyu wa arobaini na mbili tumemchelewa."

Profesa aliinamisha uso. "Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Ukikataa, utaumalizia kituo cha thelathini na nne."

"Kituo hicho hakijaleta mswada hata mmoja. Nitakwenda kuidai miswada mwenyewe."

Alichukua kalamu, na palipotakiwa sababu akaandika: *Hakuna.* Akatia saini chini yake kwa jina lake lote, la baba na la babu, akasukuma fomu upande wa pili wa meza.

Makala iliondolewa hifadhini adhuhuri kwa amri ya Profesa. Ukutani kwa shangazi haikufifia. Wapaka rangi wawili waliotumwa na taasisi walipaka mikono mitatu, na kila mkono ulipokauka maandishi yalipanda juu yake, yale ya kijani yakitangulia. Mmoja alisoma jedwali lote akiwa ngazini. Aliposhuka akamuuliza mwenzake kama shemeji yake bado anateka maji kwenye pampu ile. Walikunja vitambaa vyao, wakamwachia shangazi ndoo ya rangi iliyobaki, wakaondoka.

Jioni hiyo shangazi alichukua chaki yake ya kushonea. Chini ya *Hili laweza kusubiri* akaandika: *Limesubiri. Mimi, namba arobaini na moja.* Majirani wakaandika kwenye kuta zao. Mwashi, namba kumi na tisa, aliandika jina la mwanawe na tarehe aliyoacha kutembea. Bibi mmoja asiyejua kusoma alichora mtungi, akaupiga mstari. Waliofiwa waliwaandikia marehemu wao, na namba arobaini na nane zote zikatimia.

Kufikia Ijumaa maandishi hayo ya chaki yalikuwa yameingia katika kila nakala ya makala duniani, pamoja na ile iliyofungiwa kwenye jarida. Mhariri wa jarida alimwandikia Mkutubi kwa adabu, akiuliza ni akina nani walioruhusu nyongeza hizo pambizoni. Mkutubi alikuwa kituo cha thelathini na nne, akifungua dirisha lililogoma, na kwenye meza yake palikuwa na miswada sita. Alimjibu kwa mstari mmoja: "Ni wenye damu, nao hawakuhitaji ruhusa." Akaendelea na mswada wa kwanza.

Afisa wa maji alifika bondeni, akazisoma kuta moja baada ya nyingine, akauliza kama zimehakikiwa na wataalamu. Akaambiwa zimehakikiwa. Aliandika hivyo kwenye daftari lake, akanawa mikono pampuni, akaaga. Nyuma yake foleni ilisogea, maana mtaa haukuwa na pampu nyingine. Kila mtu alitaja namba yake, au ya marehemu wake, kwa sauti ya juu kabla ya kukinga ndoo, na maji yakatoka kama kawaida, meupe, yasiyo na harufu.