Maji ya Asali

Baridi ilipoanza, msambaza mikate aliacha kunywa maji njiani. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi na moyo mlaini, alimjazia chupa kila asubuhi: maji ya vuguvugu, asali na chumvi kidogo. Bwana aliichomeka kwenye baiskeli, akapanda vilima na kushuka, na jioni akayamwaga maji yote kwenye shina la waridi langoni. Kisha akaingia na chupa tupu, mkavu kabisa wa macho.

"Umemaliza?"

"Mpaka tone la mwisho, mama watoto."

Waliomchongea ni sisimizi. Siku moja fundi alikwenda kukata maua, akakuta wamelizingira lile shina kama wamealikwa. Akachovya kidole kwenye udongo uliolowa, akaonja. Asali yake mwenyewe! Alivimba kwa hasira, akakaa kumsubiri mtu wake, maneno yamemjaa mdomoni.

Lakini mume alirudi akiikokota baiskeli, midomo imepasuka, goti linavuja damu. Kizunguzungu kilimwangusha kwenye mteremko, na lori likampita karibu na kichwa. Fundi akasahau yote aliyopanga kusema. Alimkalisha, akamfunga goti, akamwekea kikombe cha maji ya moto mbele yake.

"Haya, sema. Maji yangu yamekukosea nini?"

Mume aliinamisha kichwa. "Baridi hii, kiu yenyewe siisikii. Halafu nimevaa suruali tatu, moja juu ya nyingine, vifungo kila mahali, vidole vimekufa ganzi. Juzijuzi nilisimama kando ya barabara nahangaika na vifungo mpaka... basi tu, nikachelewa. Nikaona bora nisinywe."

Fundi alicheka akashika mbavu. Mume wa fundi cherehani kushindwa na vifungo! Alimvua suruali zote tatu, akampa shuka ajifunge, akavifumua vifungo na kuanza kushona mipira kiunoni. Alikuwa bado anacheka. Ghafla cherehani ikanyamaza, na mume alipoinua macho akaona mkewe analia.

"Suruali nitafua," alisema. "Hata kila siku nitafua. Lakini wakiniletea baiskeli peke yake, mimi nitafanya nini?"

Mume alikinywa kikombe chote, akamsogezea amjazie tena.