Benchi la Wafumaji

Masikio ya Mama Pacha yalikufa zamani, na siri hiyo aliijua mumewe peke yake, kwa sababu ndiye aliyechoka kupiga kelele ndani ya nyumba. Mitambo ya kufumia nguo iliyala taratibu, mwaka baada ya mwaka, katika ukumbi ambao hata radi ikipiga hakuna aliyeshtuka. Kazini hakupata taabu. Mle wafumaji wote waliongea kwa midomo na mikono. Walisengenyana, wakataniana, wakatongozana kutoka pembe hii hadi ile, na sauti haikuwa na kazi yoyote.

Kisha vitambaa vya bei ya kutupa vikamiminika kutoka ng'ambo, kiwanda kikafunga milango, na serikali ikatangaza msaada: walioachishwa wafundishwe kazi nyingine, na wapewe posho wakati wa kujifunza. Mama Pacha alifurahi kupita kiasi, mpaka jirani mmoja, domokaya, alipomwambia kuwa wenye kasoro ya mwili hawachukuliwi, na kiziwi ndiyo kabisa, maana atamsikiaje mwalimu? Huenda ulikuwa uzushi mtupu. Lakini angemwuliza nani? Kuuliza kwenyewe ni kujichongea.

"Ukae mbele," mumewe alimwambia asubuhi ya usajili, akimkazia uso ili amsome vizuri. "Mtazame karani mdomo. Ukipotea, tabasamu, sema ndiyo."

"Na akiniuliza kama ni mgonjwa, niseme ndiyo?"

Mume akajishika kichwa. Siku nyingine wangecheka. Mgongo wake ulishakataa kubeba mizigo sokoni, pacha walikuwa bado shuleni, na hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mama Pacha alipoingia katika ofisi ya usajili, alitafuta kwanza mdomo wa karani. Karani alikuwa nyuma ya kioo, ameinama, na kipaza sauti kimemfunika mdomo wote. Spika ilitundikwa ukutani juu ya vichwa vyao. Hapakuwa na mdomo wa kusoma! Tangazo mlangoni lilisema atakayeitwa asipoitika atafutwa, na leo ndiyo mwisho.

Afadhali Chiriku alikuwepo. Huyu alikuwa shoga yake wa mtambo wa jirani, mwanamke ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa anatafuna, na habari zote za mji alikuwa nazo. Mtu wa umbea namna ile hakosi masikio. Mama Pacha akajibana kando yake kwenye benchi la wafumaji. Chiriku akamshika mkono, akamwambia kwa midomo, kama walivyozoea, "Tukae pamoja, shoga. Usiondoke." Mkono wake ulikuwa wa baridi. Mama Pacha akaona ni mapenzi tu.

Watu wa upakiaji ndio walioanza. Waliinuka mmoja mmoja, wakaenda dirishani, wakarudi wakitabasamu. Wakafuata wapaka rangi, nao vivyo hivyo. Mabenchi yao mawili yakabaki tupu; sasa ilikuwa zamu ya wafumaji.

Karani akasogea kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyeinuka. Akatazama benchi la wafumaji, akainama tena, akangoja. Kisha akachukua rula, akapiga mstari kwenye orodha yake.

Mama Pacha akauona mstari ule. Kuna mtu amefutwa! Nani? Huenda ni yeye. Akamgeukia Chiriku ili asome usoni mwake, na akakuta Chiriku amemtolea macho, anamsoma yeye.

"Ameita nani?" midomo ya Chiriku ikauliza.

"Wewe ndiye unayesikia!"

Chiriku akatikisa kichwa polepole. Machozi yakamlengalenga. "Mimi nilikuwa nakutegemea wewe."

Rula ikateremka, mstari wa pili. Mama Pacha akatupa macho kwenye benchi. Mzee wa nyuzi alikuwa anamtazama dada wa zamu ya usiku, dada anamtazama fundi mitambo, fundi anamtazama mzee. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake ainuke. Miaka yote ile walificha, kila mtu akidhani yuko peke yake, na sasa walikuwa wanafutwa wakiwa wameketi na adabu zao zote.

Akisema, na kama yule jirani alisema kweli, atakuwa amewaponza wote. Akinyamaza, rula itamaliza kazi.

Ikateremka mara ya tatu.

Mama Pacha akasimama, akainua mikono juu ya kichwa na kuifungamanisha. Kiwandani ishara hiyo ilikuwa na maana moja tu: mtu kanaswa, zimeni mitambo. Akapiga kelele, hata hakujua kwa sauti kubwa kiasi gani:

"Hatusikii!"

Rula ikasimama. Karani akainua uso, akasukuma kipaza sauti kando, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukaonekana.

"Nani hasikii?"

Mama Pacha akageuka. Benchi zima lilikuwa limesimama, mikono imefungamanishwa juu, na macho yote yameelekezwa kwenye mdomo wa karani, yakingoja utasema nini.