Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Hapa Hempstead hakuna mwanamke msema kweli kunishinda mimi. Ukiacha umri wangu, uzito wangu, na mambo mawili matatu niliyomwambia marehemu mume wangu.

Siku hiyo tulikuwa mahakama ya familia, mimi na mjukuu wangu Suyapa. Mama yake alifia Honduras. Baba yake, Olvin, alimkimbia angali ananyonya. Jaji akikubali kwamba baba alimtelekeza, mtoto ataweza kuomba kibali cha kubaki nami hapa Marekani. Akikataa, atarudishwa Honduras, ambako hata paka hamngoji.

Wakili alitwambia tuje na ushahidi wa malezi. Mimi nikaimwaga droo nzima ndani ya mfuko.

Mlangoni tukamkuta nani? Olvin, na suti, ananukia kama harusi. Siku hizi ni mzee wa kanisa mji wa jirani, hataki kuitwa mtoro.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba. Kumbe hujafa! Nimekuombea pumziko la milele miaka yote hii bure?"

Mbele ya jaji akatoa machozi. "Mheshimiwa, mimi sijamtupa mwanangu. Hata sherehe yake ya miaka kumi na mitano, mimi ndiye niliyepiga magoti, nikamvua viatu bapa, nikamvika vya visigino, kama baba yeyote."

Suyapa akainamisha kichwa. Kwetu binti akitimiza miaka hiyo, baba ndiye humvika visigino kuonyesha amekua; hakuna kazi ya baba kubwa kuliko hiyo. Jaji naye akaanza kulainika, nikamwona.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mheshimiwa, niruhusu nimuulize mkwe wangu kitu kidogo. Olvin, baba, viatu vilimtosha?"

"Barabara! Vyote viwili. Tukacheza dansi mpaka jasho."

Nikapekua mfuko. Ikatoka soksi, likatoka jino la utotoni, kisha kiatu cha kushoto, cheupe, kibandiko cha dukani bado kiko kwenye soli.

"Hiki hakijavaliwa hata siku moja," nikasema. "Wiki ile alianguka kwenye ngazi, akavunjika mguu wa kushoto. Alisherehekea kwenye kiti cha magurudumu, mguu una plasta ngumu mpaka gotini, nusu ya kanisa letu wameisaini. Cha kulia nilimvika mimi, na magoti yananidai mpaka leo."

Suyapa akaziba mdomo asicheke. Jaji akachukua kalamu, akaanza kuandika, kisha akainua macho.

"Bwana Olvin, mlicheza dansi?"

Olvin akakitazama kiatu.

"Polepole, mheshimiwa," akasema. "Tulicheza polepole."